Kamera Ishuke Mkekani: Kuwafundisha Vijana Shoti na Engo za Msingi

(Hii ni mada tuliyoitoa katika semina ya walezi wa vikundi vya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu fupi. Imefupishwa kidogo ili itoshe katika kurasa hizi.)



Mada tuliyopewa ni namna ya kuwafundisha vijana shoti na engo za msingi za kamera. Huenda baadhi yenu mnadhani hili ni somo la ufundi tu: bonyeza hapa, simama pale. Ni ufundi kweli, na leo tutaueleza hatua kwa hatua. Lakini tungependa tukubaliane jambo moja tangu mwanzo. Kijana anapoinua kamera mbele ya mtu, anaamua jinsi mtu huyo atakavyoonekana machoni pa watu ambao huenda hatakutana nao maisha yake yote. Huo ni uamuzi mzito, na sisi tunaowafundisha ndio tunaowakabidhi.

Zamani kamera ya video ilikuwa mali ya ofisi. Ilifungiwa kabatini na kanda zake zilihesabiwa. Siku hizi vijana wengi wanatembea na kamera mfukoni, ndani ya simu. Watapiga picha hata tusipowafundisha, tena watazisambaza siku hiyo hiyo. Kazi yetu ni kuhakikisha wanajua wanachokifanya.

Historia inayotuhusu

Kabla ya kuingia katika somo lenyewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi wa kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Jina lake lilikuwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Misheni kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, na utengenezaji wa filamu ulisimamiwa na Meja L. A. Notcutt. Hadi mradi huo ulipofungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 kuhusu mambo kama kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Tunautaja kwa sababu watu wa dini walikuwamo tangu siku ya kwanza, na nia yao ilikuwa kuelimisha. Hata hivyo, waliobuni hadithi na kuamua kamera isimame wapi walikuwa Wazungu. Mwafrika alikuwa mwigizaji, msaidizi na mtazamaji.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha idara yake ya filamu za makoloni chini ya William Sellers, na idara hiyo iliendelea hadi mwaka 1955. Sellers aliamini kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kuielewa filamu ya kawaida. Kwa hiyo alitaka shoti ziwe ndefu, kamera itulie, matukio yafuatane moja baada ya jingine bila kurukwa, na kila aina ya hila iepukwe. Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu watu walioonyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa, wakasema kwao hakuna tatizo, maana mbu wao ni wadogo.

Kuna kisa kingine ambacho sisi tunakipenda zaidi. Wanakijiji walionyeshwa filamu fupi kuhusu kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Watengenezaji walishangaa, kwa kuwa hawakujua kama kulikuwa na kuku katika filamu yao. Walipoikagua picha moja moja, walimkuta kweli, amepita kwenye kona ya chini kwa muda wa kama sekunde moja hivi.

Wataalamu wa wakati ule walisema kisa hicho kinathibitisha kwamba watu wale hawajui kutazama picha. Sisi tunapokifundisha tunawauliza vijana: nani hapa hakuona? Mwanakijiji alimwona kuku. Aliyeshika kamera ndiye ambaye hakumwona. Hilo ndilo somo la kwanza. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kona zote nne za fremu, kwa sababu mtazamaji wako ataona kila kitu ulichokiacha humo.

Haikuchukua muda mrefu Waafrika wakaishika kamera wenyewe. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa filamu fupi iitwayo Borom Sarret, kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Mkokoteni wake unapokamatwa katika mtaa wa wakubwa, nishani yake ya vita inaanguka chini na polisi anaikanyaga kwa kiatu. Yule mtu yuko chini, polisi yuko juu yake, na kamera inatuonyesha tofauti hiyo bila mtu yeyote kutoa hotuba. Shoti na engo ni lugha. Watu wetu waliielewa tangu zamani, na vijana wetu wanaweza kuizungumza.

Shoti tatu za kuanzia

Vitabu vina orodha ndefu ya shoti. Kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza tatu zinatosha, na kila moja tunaifunga kwenye swali lake.

Ya kwanza ni shoti ya mbali. Inamwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi miguuni pamoja na mahali alipo. Inajibu swali: tuko wapi? Kama filamu inahusu kisima kilichokauka, shoti ya mbali ndiyo itakayomwonyesha mtazamaji umbali uliopo kati ya kisima na nyumba za watu.

Ya pili ni shoti ya kati. Inamwonyesha mtu kuanzia kiunoni kwenda juu. Inajibu swali: ni nani huyu, na anafanya nini? Mikono inaonekana, na mikono ya mtu anayefanya kazi ina mengi ya kueleza.

Ya tatu ni shoti ya karibu. Inaonyesha uso, au kitu kimoja kama ufunguo, barua au kidonda. Inajibu swali: jambo lenyewe hasa ni nini, na mtu huyu linamgusaje?

Tunawatahadharisha vijana juu ya mambo manne.

Kwanza, wasimkate mtu kwenye maungio. Fremu ikiishia shingoni, magotini au kwenye vifundo vya miguu, mtu anaonekana kama amekatwa kweli. Iishie katikati ya paja, kiunoni au kifuani.

Pili, wamwachie mtu nafasi upande anakotazama. Mtu anayetazama kulia na pua yake inagusa ukingo wa kulia wa fremu anaonekana kama anaongea na ukuta.

Tatu, wasivute picha kwa kidole kwenye kioo cha simu. Simu nyingi zikivutwa sana picha huharibika. Wanaotaka kuwa karibu watembee wasogee. Kutembea kuna faida mbili nyingine: sauti inasikika vizuri kwa kuwa kinasa sauti kimekaribia mdomo wa msemaji, na msemaji naye anapata nafasi ya kukubali au kukataa kusogelewa.

Nne, wahesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kusimamisha au kuhamisha kamera. Kijana asiyezoea hupeperusha kamera kama mtu anayefukuza nzi, na akirudi nyumbani kuhariri hakuti hata sekunde tatu zilizotulia.

Engo: macho ya nani yanatazama?

Engo ni mahali kamera inapomtazamia mtu. Nazo tunaanza na tatu tu: usawa wa macho, kutoka juu, na kutoka chini.

Usawa wa macho ndio salamu ya kamera. Katika malezi yetu, kijana hamsalimu mzee aliyeketi huku amemsimamia kichwani. Anainama, anapiga goti au anakaa. Kamera nayo ifundishwe adabu hiyo hiyo. Bibi akiwa amekaa mkekani anachambua mchele, kamera ishuke mkekani. Mtoto wa miaka minne akiwa anaongea, mpiga picha achuchumae. Mwongozaji mashuhuri wa Japani, Yasujiro Ozu, aliyetoa filamu ya Tokyo Story mwaka 1953, alizoea kuiweka kamera yake chini, karibu na usawa wa watu waliokaa kwenye mikeka ya nyumbani. Dunia nzima inamsifu kwa jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia kwenye mkeka angeweza kulitambua.

Engo ya kutoka juu humfanya mtu aonekane mdogo, mpweke au dhaifu. Ina matumizi yake halali. Inafaa kuonyesha bao linavyochezwa, mistari ya matuta shambani, au msongamano wa soko. Lakini ikielekezwa kwa mtu mwenye shida, inamwongezea udhaifu ambao huenda hana.

Engo ya kutoka chini humfanya mtu aonekane mkubwa, mwenye nguvu au wa kutisha. Ndiyo maana mabango ya wanasiasa huipenda. Hata hivyo vijana wasiifanye kuwa sheria isiyovunjika. Katika filamu ya Marekani iitwayo Citizen Kane, ya mwaka 1941, Orson Welles aliamuru sakafu ikatwe ili kamera ikae chini kabisa, na alimpiga Kane kutoka chini wakati ambapo Kane alikuwa ameshindwa uchaguzi. Mtu mkubwa, dari juu ya kichwa chake, na hana pa kwenda. Kwa hiyo tunawaambia vijana: engo haina maana moja kama alama za barabarani. Uliza hadithi yako inasema nini, kisha uitafutie engo yake.

Mstari usioonekana

Kuna kanuni moja ambayo vijana huiona ngumu hadi tuitolee mfano wa mpira. Mpira ukionyeshwa kwenye televisheni, kamera kuu zote hukaa upande mmoja wa uwanja. Timu inayoshambulia kwenda kulia inaendelea kwenda kulia hadi mapumziko. Kamera moja ikihamia upande wa pili bila taarifa, mtazamaji ataona mshambuliaji anakimbilia lango lake mwenyewe.

Watu wawili wanaoongea nao ni hivyo hivyo. Fikiria kamba imefungwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Chagua upande mmoja wa kamba na upige shoti zako zote kutoka upande huo. Tukiwafundisha vijana, tunaitandika kamba ya kweli chini. Hakuna anayesahau.

Picha mbili zikikaa pamoja

Karibu miaka 100 iliyopita mwalimu mmoja wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alifanya jaribio ambalo bado linafundishwa. Alichukua shoti ya karibu ya uso wa mwigizaji, akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha uso ule ule na picha ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa mara ya kwanza na huzuni mara ya pili, ilhali uso ulikuwa ule ule mmoja.

Tafadhali mlifundishe jambo hili kwa uzito. Kijana akimpiga mama picha ya karibu wakati anafikiria mambo yake, kisha akaunganisha na shoti ya sufuria tupu, amemfanya mama yule aseme, "Nina njaa." Mama hakusema hivyo. Pengine sufuria ilikuwa imetoka kuoshwa. Hakuna neno la uongo lililotamkwa, lakini uongo umeshasemwa.

Mazoezi ambayo yametusaidia

Zoezi la kwanza: shoti tano za kazi moja. Mpe kila kijana mtu mmoja anayefanya kazi, kwa mfano mpika vitumbua, fundi cherehani au fundi baiskeli. Apige mikono karibu, uso karibu, shoti ya mbali, shoti kutoka nyuma juu ya bega, na moja atakayobuni mwenyewe. Kila shoti sekunde 10, bila maneno. Baadaye kundi liseme limeelewa nini.

Zoezi la pili: mtu mmoja, engo tatu. Vijana wapigane picha wenyewe kwa wenyewe, kutoka juu, usawa wa macho na kutoka chini. Kisha kila mmoja aulizwe: ni ipi ungependa mama yako aione? Ni ipi usingependa isambazwe? Zoezi hili halihitaji hotuba ya mwalimu. Aliyepigwa kutoka juu anajua mwenyewe alivyojisikia.

Zoezi la tatu: mwanga. Mtu awekwe mbele ya dirisha au ukuta mweupe unaowaka jua, kisha apelekwe kivulini chini ya mwembe. Wataona uso uliokuwa mweusi kama kivuli ukirudi na macho yake. Ngozi zetu zinapendeza sana kwenye kamera mwanga ukiwekwa vizuri, na kijana anayejua hivyo hatamlaumu mtu kwa rangi yake.

Zoezi la nne: kumtafuta kuku. Kila filamu ikikamilika, kundi liitazame mara moja kwa ajili ya kona tu. Kuna nini nyuma? Kuna jina la kliniki ukutani? Kuna mtoto anayeoga? Kuna namba ya nyumba?

Kwa mazoezi yote haya simu moja kwa vijana watano inatosha. Ishikwe kwa upana, lenzi ipanguswe kwa kitambaa laini, na kama hakuna stendi, iegemezwe kwenye tofali.

Ridhaa na heshima

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limetufanya tuombe nafasi hii. Baada ya njaa ya Ethiopia ya miaka ya 1984 na 1985, picha za watoto waliokonda zilizunguka dunia nzima na zilileta misaada mingi. Pia zilileta swali: je, ni haki kumwonyesha binadamu akiwa hivyo, bila jina na bila sauti? Mwaka 1989 mashirika ya hiari ya Ulaya yalikubaliana mwongozo wa maadili kuhusu picha za watu wa nchi maskini, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka 2006. Sheria nazo zimefuata. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Lakini kijana hatakuwa na kitabu cha sheria mfukoni. Tunampa mambo matatu ya kukumbuka.

Omba kwanza, piga baadaye. Mweleze mtu picha itaonyeshwa wapi, na kwamba ikishaingia kwenye intaneti hairudi. Kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi, halafu muulize na mtoto mwenyewe.

Mwonyeshe mtu picha yake kabla hujaondoka. Akisema futa, futa mbele yake.

Kumficha mtu uso pekee hakutoshi. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au binti aliyefanyiwa ukatili, anaweza kupigwa kutoka nyuma na kijiji kizima kikamtambua kwa khanga yake, sauti yake, au mlango wa nyumba yao. Kama huwezi kumficha vya kutosha, piga picha ya kitu kingine: njia aliyopita, kikombe cha chai kinachopoa mezani. Na ikibidi, acha kabisa.

Hapa tunajisemea na sisi tunaoandika taarifa za miradi. Tukimtuma kijana akatuletee picha "inayogusa wafadhili", tumeshamchagulia engo. Ataisimamisha kamera juu ya kichwa cha mtoto anayelia, kwa sababu ndicho tulichoagiza. Tumwambie badala yake akatuletee picha ambayo mama wa mtoto yule angekubali kuibandika ukutani kwake.

Kwa kumalizia

Ndugu zetu, miaka ya 1930 wengine waliamua kwa niaba yetu tunaweza kuelewa nini na kamera isimame wapi. Leo kamera iko mikononi mwa watoto wetu. Itakuwa hasara kubwa wakijifunza kuwatazama majirani zao kwa jicho lile lile lililowadharau babu zao. Wafundisheni shoti ya mbali ili waone mahali, shoti ya kati ili waone kazi, na shoti ya karibu ili wamwone mtu. Halafu wafundisheni kukunja magoti.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Tazameni picha tatu za mwisho zilizotumika katika taarifa au mabango yenu. Kamera ilikuwa juu, chini au usawa wa macho? Nani aliamua?

2. Je, watu waliopigwa picha hizo wamewahi kuziona?

3. Ni jambo gani kijijini au mtaani kwenu ambalo vijana wangeweza kulieleza kwa shoti tano bila maneno?

4. Mnafanyaje pale mtu anapokubali kupigwa picha kwa sababu tu anategemea msaada wenu?